Nilisema "Yes" Kumbe Nilitaka "No": Kiingereza Kilivyonitesa Leicester

Haya ndugu zangu, mambo vipi, karibuni. Leo niko jikoni kwangu hapa Leicester, Uingereza, siku yangu ya mapumziko, na nje ni ile mvua ya kwao isiyonyesha wala kukatika. Msinitazame nywele. Nimebandika maji ya chai, tupige soga mpaka yachemke.

Wengi mmekuwa mkiniuliza mambo ya Kiingereza. "Dada, nikija huko nifanyeje nisiaibike?" Nimekuwa nawakwepa, maana mimi si mwalimu, na pia kuna kisa kimoja ambacho nikikikumbuka mpaka leo masikio yanapata moto. Basi leo nakitoa.

Mnajua nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Ni mwezi wangu wa pili tu pale, msimamizi wa zamu ananijia haraka haraka, karatasi za dawa mkononi, anauliza kuhusu babu mmoja wa chumba cha mwisho: "You haven't given him his tablets?" Mimi nikajibu, "Yes." Kwa adabu zote, na tabasamu juu. Kichwani mwangu nilikuwa nimesema, "Ndiyo, sijampa." Mwenzangu kasikia kwamba nimempa! Akageuka, akaenda zake.

Bahati ya yule babu, pale dawa haziendi kwa maneno. Kila dozi ina kisanduku chake kwenye karatasi, aliyetoa anatia sahihi. Msimamizi kakuta kisanduku kitupu, karudi kwangu na sura nyingine kabisa. Nikaapa sijasema uongo. Na kweli sikusema uongo. Nilisema ukweli wa Kiswahili kwa maneno ya Kiingereza.

Hebu tukae hapa kidogo, maana ndipo penye hatari. Mtu akikuuliza kwa Kiswahili, "Hujala?" na kweli hujala, unasema "Ee, sijala." Ile "ee" inamjibu muulizaji: umesema kweli, hujakosea. Mwingereza hafanyi hivyo. Jibu lake halimwangalii muulizaji, linaangalia kitendo chenyewe. Kitendo kimefanyika? "Yes." Hakijafanyika? "No." Hata ukimuuliza kwa kukanusha, hata ukimuuliza miguu juu kichwa chini, yeye anaangalia kitendo tu. Kwa hiyo "Haven't you eaten?" na tumbo linanguruma, jibu ni "No."

Dawa niliyoipata mwenyewe ni kutoliacha neno moja litembee peke yake. Kila jibu nalivisha mkia: "No, I haven't." "Yes, I have." Hata ukikosea kichwa, mkia utakusaidia, na mtu ataona kuna jambo haliendi sawa, atakuuliza tena. Mbele ya daktari au ofisa wa uhamiaji usiseme "yes" kavu. Sema sentensi.

Na kuna ndugu yake mbaya zaidi, anaitwa "Do you mind". Niko kwenye basi, mzee mmoja na mkongojo wake anaonyesha kiti cha pembeni yangu, "Do you mind if I sit here?" Mimi mkarimu, mtoto wa Tanga, nikasema, "Yes, yes!" huku napigapiga kiti kwa mkono. Yule mzee hakujua ashike lipi, mkono au mdomo. "Do you mind" maana yake "itakukera?" Mimi nimemjibu ndiyo, itanikera sana, mara mbili. Akasimama mpaka kituo cha pili. Nilitamani basi linimeze.

Sasa tuingie kwenye sarufi yenyewe, ile tuliyokaririshwa kidato cha kwanza, tumetoka shule ya msingi tunasoma kila kitu kwa Kiswahili, ghafla mwalimu anaingia na "Good morning class" na hatumwelewi tena mpaka Novemba. Tuliambiwa nafsi ya tatu umoja inachukua "s". Tukakariri. Hakuna aliyetuambia ile "s" inafanya nini.

Angalia. Sisi tuna ninakwenda, unakwenda, anakwenda, tunakwenda, mnakwenda, wanakwenda. Kila mtu na kiambishi chake mbele ya kitenzi. Waingereza nao zamani walikuwa na mikia mingi kuliko sasa, ikapukutika mmoja mmoja. Ukabaki huo mmoja: "she goes". Ukitaka kuukumbuka, uone kama ile "a" yetu ya "anakwenda", ila imehamia nyuma. Huwezi kusema "mama nakwenda sokoni" ukimaanisha yeye, utachekwa. Basi na wao "mother go" inawaumiza sikio vilevile.

Halafu ikija "does", "s" inaruka kutoka kwenye kitenzi inakaa kwa "does". "Does she go?" Ni moja tu, haigawanywi. Na "did" ni hivyohivyo. Kosa langu la miaka lilikuwa "Did you went?" Jiulize, ulishawahi kusema "ulilikwenda"? Kuna "li" moja tu ndani ya "ulikwenda", inatosha. "Did" akishabeba wakati uliopita, kitenzi kinabaki mtupu: "Did you go?" Na hilo "went" lenyewe si mtoto wa "go", mnajua? Lilikuwa la kitenzi kingine, "wend". "Go" kaazima nguo ya jirani, hajairudisha mpaka leo.

Lakini ngoja, mimi ninachotaka sana kuwaambia leo ni "a" na "the". Hivi viwili nilivichukia. Nilikuwa nanyunyiza "the" kila mahali kama chumvi, mpaka "the Tanzania" nilishasema. Walimu wanatuambia Kiswahili hakina vitu hivi. Neno peke yake kweli hatuna, lakini maana yake tunayo, na tunaitumia kila siku bila kujua.

Kumbuka ngano za bibi. "Hapo zamani palikuwa na sungura." Sungura gani? Hatumjui bado, yupo yupo tu. Sentensi inayofuata bibi anasema nini? "Yule sungura akaenda kisimani." Ameshaingia kwenye hadithi, tunamjua, kapewa "yule". Huyo wa kwanza ni "a hare", wa pili ni "the hare". Kwisha! Bibi yangu hakukanyaga darasa la Kiingereza, na kanuni alikuwa nayo mdomoni.

Kuna na nyingine. Nikikupigia simu nikasema "Nimenunua gari," unauliza "Gari gani?" Ni "a car". Nikisema "Nimelinunua gari," unashtuka, "Lile tuliloliona juzi?" Ile "li" ndogo katikati imekuambia gari unalijua. "The car." Kwa watu na wanyama haisaidii, maana huko tunaiweka karibu kila mara, lakini kwa vitu ijaribu. Kabla hujafungua mdomo jiulize: hapa kwa Kiswahili ningesema "lile gari", "nimelinunua"? Kama ndiyo, weka "the". Haitakufikisha pote, na majina ya nchi yana mambo yake, ila mimi ilinitoa gizani kuliko kitabu chochote.

"A" na "an" ni jambo dogo, usilipotezee usingizi. Sikiliza sauti, acha herufi. "An hour", kwa sababu "h" haisikiki. "A university", kwa sababu mdomoni inaanza na "yu".

Na hapo kwenye kuandika wala msijilaumu. Sisi tahajia yetu hii ilikuja kusanifiwa vizuri kuanzia miaka ya 1930, kamati ilikaa kwa ajili ya kazi hiyo, ndiyo maana mtoto akijua silabi anasoma gazeti. Wao William Caxton kaleta mashine ya kuchapa Westminster mwaka 1476, maandishi yakaanza kuganda huku midomo inaendelea kubadilika. Ile "k" ya "knife" watu waliitamka kweli zamani. Sasa imebaki kama msumari ukutani, picha ilishatolewa.

Mdomo je? Sisi vokali tano, tumemaliza. Kiingereza cha hapa kina sauti za vokali karibu ishirini, kwa herufi zilezile. Siku moja bosi ananiuliza kama nimezoea Leicester, nikamwambia kwa furaha nataka kuishi hapa. Alichosikia: "I want to leave here." Alinifungia mlango taratibu, akaniuliza nani kaniudhi. "Live" ni fupi, mdomo umelegea. "Leave" ni ndefu, unavuta mashavu kama unayepigwa picha. Fanyeni mazoezi, ila si mbele ya bosi.

Kuna maneno nayo, jamani. Mguu! Mguu wetu unaanza nyonga unaishia kucha. Wao wameukata: "leg" na "foot". Bibi mmoja alivimba chini ya kifundo, mimi nikaandika kwenye kumbukumbu za zamu "leg swollen". Nesi kaja, kakagua goti, kakagua muundi, haoni kitu, kumbe tatizo limo ndani ya soksi. Mkono ni hivyohivyo, "arm" na "hand". Kidole, "finger" na "toe". Anayekuja kufanya kazi ya kutunza watu ajifunze viungo vya mwili kwanza kabla ya kitu kingine chochote. Tukiwa tunalipizana, wao "rice" ndiyo mpunga, ndiyo mchele, ndiyo wali. Na "uncle" ni mjomba, baba mdogo, wote gunia moja. Sasa ukoo mnaujuaje?

He na she nitapita haraka, maana bado napigana nayo. Sisi "yeye" ni yeye. Nikichoka mwisho wa zamu mabibi wote wanakuwa "he". Ninachofanya ni kurudia jina la mtu. Inachosha kusikiliza, lakini hakuna anayebadilishiwa suruali isiyo yake. Na hayo majina nayo! Mtu ana miaka tisini, anataka nimwite jina lake la kwanza, kavu, bila bibi wala mama. Wiki ya kwanza nilikuwa namnong'oneza. Shikamoo hawana, na "you" ni ileile kwa mtoto, kwa mkuu, kwa mmoja, kwa kumi.

Ila kinachonikosesha raha mpaka leo ni pole. Mfanyakazi mwenzangu kajigonga goti kwenye kitanda, nikasema "Sorry!" Akanishangaa, "Why? You didn't do it." Kwao "sorry" mara nyingi ni kukiri kosa, ingawa kwenye msiba wanaitumia kama sisi. Siku nyingine nikamkuta msimamizi anafuta sakafu, nikamwambia "Sorry for work." Mtu alidhani nimevunja kitu! Pole na kazi haina mwenzake huku. Nimetafuta. Sasa nikimwona mtu kachoka namwambia "You've had a long day," inafanana kwa mbali, kama chai ya rangi na ya maziwa.

Sawa, maji yamechemka zamani, naona mvuke tu. Kesho naingia saa moja asubuhi, na nyinyi mnaokuja, hiyo kwao ni "seven", ondoeni sita au ongezeni sita kabla hamjakubali zamu yoyote.

Nawaachia kazi ya nyumbani, mniandikie hapo chini. Umefika ugenini huku, mwenyeji anakuuliza, "You don't eat pork, do you?" Wewe huli nguruwe, hujawahi. Unamjibuje? Asiyeandika mkia simsahihishii. Kwaherini.