Neno "walk" na watu waliokanyaga nguo

NEEMA: Karibuni tena wasikilizaji wetu, na shikamooni wakubwa. Mimi ni Neema, niko na kaka Idrisa, na leo tumebeba neno moja tu la Kiingereza: walk. Kaka, neno hili kila mtoto wa shule analijua.

IDRISA: Analijua, dada Neema, lakini ukilifuata nyuma miaka elfu moja na zaidi utakuta halina habari na miguu. Waingereza wa wakati ule walikuwa na kitenzi wealcan, yaani kubiringika, kurushwa huku na huku. Kuna shairi la baharia lililomo katika muswada wa Exeter wa karne ya 10, na humo gewealc ni msukosuko wa mawimbi.

NEEMA: Sasa mtu akienda zake kwa miguu walisemaje?

IDRISA: Walitumia gan, ambalo leo ndilo go. Baadaye, kufikia miaka ya 1200 hivi, walk likaanza kumhusu mtu anayezunguka huku na kule, kisha likawa la kutembea kama tunavyolijua. Na go likaachiwa mwendo wa kila namna, hata wa gari. Ila kuna tawi jingine la neno hili, na mimi mapenzi yangu yako huko. Kazi ya nguo.

NEEMA: Hapo usipite haraka.

IDRISA: Sipiti. Nguo ya sufu ikitoka kwa mfumaji inakuwa imelegea, nyuzi zimeachana, na bado ina mafuta ya kondoo. Upepo wa Uingereza unapenya tu. Basi inalowekwa kwenye beseni kubwa, mtu anapandisha mavazi yake hadi magotini, anaingia, anakanyaga. Anaigeuza, anakanyaga tena, saa baada ya saa. Unywele wa sufu una magamba madogo sana, na ukisuguliwa ukiwa umelowa, magamba yanashikana na hayaachiani. Nguo inapungua upana, inakuwa nzito, inazuia baridi na mvua. Kazi hiyo iliitwa walk, na mtu wake aliitwa walker. Wajerumani mpaka leo wanaiita walken.

NEEMA: Na ndani ya beseni kulikuwa na maji tu?

IDRISA: Maji na mkojo. Mkojo wa watu, uliowekwa siku kadhaa mpaka ukatoa amonia, kwa sababu amonia inakata mafuta. Warumi nao walifanya hivyohivyo. Pompeii, mji uliofukiwa na volkano mwaka 79, zimechimbuliwa karakana za kazi hii, na kuna picha ya ukutani inayoonyesha wafanyakazi wamesimama ndani ya mabeseni wakikanyaga.

NEEMA: Unajua, kuna mstari kwenye Biblia umenijia. Marko 9:3, Yesu anapogeuka sura mlimani, mavazi yake yanakuwa meupe "jinsi asivyoweza dobi duniani kuyafanya meupe."

IDRISA: Huyo dobi, kwa Kigiriki, ni huyuhuyu mtu wa kutengeneza nguo za sufu. Na tafsiri ya Kiingereza ya karne ya 14, ile ya Wycliffe, ikamwita walkere. Ni mtu aliyeshinda ndani ya harufu ile, na Injili inamtaja kwenye saa ya utukufu. Mimi jambo hilo linanigusa.

NEEMA: Linagusa kweli. Halafu jina la ukoo, Walker, ndiko linakotoka?

IDRISA: Ndiko. Hata majina yenyewe yanaeleza ramani. Kaskazini mwa Uingereza na Scotland mkanyagaji aliitwa Walker, kusini-magharibi Tucker, kusini-mashariki Fuller. Kazi ni moja, koo tatu. Na ile chupa ya pombe kali kutoka Scotland, yenye bwana mwenye kofia ndefu anayetembea kwa hatua pana, picha yake ilichorwa mwaka 1908. Anatembea, kumbe jina lake, Walker, ni la beseni la sufu!

NEEMA: Kinu cha maji hakikuwapumzisha?

IDRISA: Kiliwapumzisha wengi. Kufikia mwaka 1185 tayari vinu vya kupondea nguo vimeandikwa kwenye hesabu za mali huko Uingereza. Lakini visiwa vya Hebrides, Scotland, wanawake waliendelea kwa mikono hadi karne ya 20, wamezunguka ubao, wanaipiga nguo iliyolowa, mmoja anaongoza wimbo kwa Kigaeli na wengine wanaitikia, kama nyimbo za kutwanga kwetu. Nyingi zilirekodiwa na zinasikika mpaka leo. Zitafuteni.

NEEMA: Tusimalize bila jaywalk, yaani kuvuka barabara nje ya kivuko, maana umenidokeza kwamba ina machungu.

IDRISA: Inayo. Jay, kwa Kimarekani cha mwanzo wa karne ya 20, ni mshamba. Jaywalker ni mshamba asiyejua kutembea mjini. Barabara ilikuwa ya wote, watoto walichezea humo. Magari yakaja, yakaua watu wengi, watoto wakiwemo, na wananchi wakataka magari yabanwe. Wenye biashara ya magari nao wakaligeuza shauri: wakalieneza tusi hilo mpaka lawama ikahamia kwa anayekwenda kwa miguu.

NEEMA: Yaani marehemu ndiye mkosaji.

IDRISA: Ndivyo ilivyokuwa, na mimi naiona dhuluma. Los Angeles wakaiwekea sheria mwaka 1925, na miji mingine mingi ikafuata mfano. Imechukua karibu miaka mia moja: tangu tarehe 1 Januari 2023, California askari hawezi kumwandikia faini mtu aliyevuka barabara nje ya kivuko, isipokuwa kama kweli alikuwa karibu kugongwa.