Nafuu ya Wiki Tatu Uifanyie Nini?

ZUHURA: Karibuni tena. Leo ni mgongo, hasa mgongo wa yule aliyekwisha kuzunguka kila mahali: sindano, vidonge, kuchuliwa, mkanda wa kiuno. Kila kimoja kinasaidia, halafu baada ya muda mambo yanarudi palepale.

BAKARI: Na swali linakuwa, "Kwa hiyo tiba imeshindwa?" Mimi nasema tuanze kwa kujua kila tiba hudumu muda gani. Sindano ya steroidi ya uti wa mgongo hupunguza uvimbe kwenye mzizi wa neva. Ikifanya kazi, nafuu yake ni wiki kadhaa, pengine miezi michache. Kuchoma neva kwa mawimbi ya redio kunaweza kukufikisha miezi 6 hadi 12, kisha neva inaota tena. Maji ya moto ni saa chache. Hakuna hata moja inayojenga misuli.

ZUHURA: Hapo ndipo penyewe. Nafuu ni muda uliokopeshwa ili ufanye mazoezi ambayo jana maumivu yalikuwa hayakuruhusu. Lakini wengi hufanya moja kati ya mawili: ama wanaendelea kulala wakiogopa kujitonesha, ama siku ileile ya kwanza wanafua, wanadeki na kuhamisha kabati.

BAKARI: Kesho yake hawanyanyuki, na lawama inaangukia sindano.

ZUHURA: Tueleze kidogo kwa nini hali iko hivyo. Maumivu yakipita miezi 3 yanaitwa sugu, na mara nyingi kufikia hapo hayapimi tena ukubwa wa jeraha. Neva na ubongo vimezoea kujihami, kwa hiyo mzigo mdogo tu unaleta maumivu makali.

BAKARI: Ndiyo maana picha ya MRI, ile ya kuangalia ndani ya mwili kwa sumaku, inaweza kumchanganya mtu. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2015 yaliangalia watu wasio na maumivu ya mgongo kabisa. Dalili za kuchakaa kwa diski, vile vifuko laini vilivyo kati ya pingili za mgongo, zilionekana kwa asilimia 37 ya wenye miaka 20, na asilimia 96 ya wenye miaka 80. Ukisoma "diski imechakaa" kwenye ripoti, usidhani tayari umepata chanzo.

ZUHURA: Haya, twende kwenye vitendo. Kipimo cha kuanzia, yaani kiasi unachoweza kufanya bila kuamsha maumivu, unakipataje?

BAKARI: Chagua jambo moja linalokusumbua, tuseme kusimama. Kwa siku 3, angalia saa unaposimama na uandike dakika zilizopita maumivu yanapoanza kupanda. Umepata 18, 12 na 15? Wastani ni 15. Punguza thuluthi... hapana, punguza moja ya tano, inatosha: unabaki na dakika 12. Hicho ndicho kipimo chako. Ukifika dakika 12 unakaa, hata kama hujasikia chochote.

ZUHURA: Hata siku mgongo uko shwari?

BAKARI: Hasa siku hiyo! Saa ndiyo inayoamua. Ukisubiri maumivu yakwambie acha, umeshachelewa. Kila wiki unaongeza kama sehemu moja ya kumi, yaani dakika moja hivi. Ni polepole, inachosha roho, lakini inapanda.

ZUHURA: Kutembea nako vilevile. Kuna jaribio la Australia lililotoka mwaka 2024, watu 701 waliokuwa wametoka tu kupona maumivu ya kiuno. Waliopangiwa kutembea, wakipanda taratibu kuelekea dakika 30 mara 5 kwa wiki, nusu yao walikaa siku 208 au zaidi kabla ya maumivu kurudi. Wale wasiopangiwa, 112. Tuseme wazi, hao hawakuwa na maumivu ya kila siku, kwa hiyo mwenye maumivu sugu asitarajie namba hizohizo.

BAKARI: Zoezi moja tulielekeze vizuri, maana hukosewa sana. Piga magoti na uweke viganja chini, viganja viwe chini ya mabega, magoti chini ya nyonga. Kaza tumbo kidogo, kama mtu anayetaka kukohoa. Nyoosha mkono wa kulia mbele na mguu wa kushoto nyuma, shikilia sekunde 10 huku unapumua, rudi. Fanya mara 6, pumzika, mara 4, pumzika, mara 2. Kisha upande wa pili.

ZUHURA: Kosa liko kwenye mguu. Mtu anaurusha juu kupita usawa wa makalio, kiuno kinabonyea, na misuli iliyokusudiwa haifanyi kazi. Weka kikombe kitupu cha plastiki kiunoni. Kikianguka, umepandisha mno au nyonga imepinda. Ikikushinda, acha mkono chini, nyoosha mguu peke yake.

BAKARI: Na usilifanye mara tu unapoamka. Usiku diski hunyonya maji na kuvimba, kwa hiyo saa ya kwanza ya asubuhi kuinama kunazikamua zaidi. Kitandani jigeuze ubavu mzima mzima, shusha miguu, jisukume kwa kiwiko. Viatu utafunga umekaa, mguu juu ya goti.

ZUHURA: Dawa. Ibuprofeni na diklofenaki ni za ukoo mmoja. Kumeza zote mbili, au kumeza moja na kuchomwa nyingine, hakuongezi nafuu ya maana. Kunaongeza hatari ya vidonda vya tumbo, figo kuumia na presha kupanda. Parasetamoli peke yake husaidia kidogo sana kwa mgongo, na mtu mzima asizidishe gramu 4 kwa saa 24, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, ukihesabu na ile iliyomo kwenye dawa za mafua.

BAKARI: Mwenye kisukari akichomwa steroidi, sukari yake inaweza kupanda kwa siku kadhaa. Amwambie daktari kabla, kisha apime mara nyingi zaidi.

ZUHURA: Na maumivu yakilipuka katikati ya mpango?

BAKARI: Yatalipuka, hilo lihesabu tangu mwanzo. Shuka hadi nusu ya kipimo chako, usishuke hadi sifuri. Dakika 12 ziwe 6. Joto dakika 15 hadi 20, kitambaa katikati, na kamwe si kwenye ngozi yenye ganzi maana utaungua bila kujua. Baada ya siku 2 au 3 anza kupanda tena. Yaandike haya siku ambayo huumwi.

ZUHURA: Kuna hali ambazo mpango huu hauzihusu. Homa, kupungua uzito bila sababu, historia ya saratani au kuanguka vibaya: muone daktari mapema. Ganzi sehemu unayokalia, mkojo kukataa kutoka, haja kubwa kukutoka bila kujijua, au miguu yote miwili kulegea: hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane na mgongo wenyewe hauumi sana.