Kasa Wako Watamu, Ugiriki Ulifuata Nini? Najibu Mara Moja

Assalaam alaykum watu wangu. Malindi, Mambrui, Watamu, na nyinyi wa Lamu mnaonifuata kimya kimya bila kubonyeza kitu, nawaona. Leo sipiki na wala sitembezi kamera madukani. Nimekaa hapa jikoni Uingereza, nimetoka zamu ya usiku ya kuhudumia wazee, macho mnayaona yenyewe, nijibu swali moja nililochoka kulijibu kwa mtu mmoja mmoja.

Tangu niweke zile picha za Zakynthos, kisiwa cha Ugiriki, hakuna siku inayopita bila mtu kuniandikia: "Dada, kasa wako Watamu hapo, matatu moja tu unafika. Wewe umepanda ndege mpaka Ugiriki kumtazama kasa? Pesa zimekuzidi?" Mwingine anauliza nani kanilipia. Nikieleza kwamba nilihangaika, anakuja wa tatu: "Kama ni shida rudi nyumbani, mbona unalalamika?" Sasa nishike lipi? Nikicheka najionyesha, nikinuna nalalamika.

Kwa hiyo nasema mapema, haya ni yangu mimi. Mwenye visa ya masomo ana mambo yake, aliyeolewa huku ana yake. Usije ukaniambia kesho kwamba ulifanya kama nilivyosema ukanyimwa.

Haya, kwanza kasa. Mimi ni mtoto wa Shella, Shella ya Malindi, si ya Lamu. Nimekulia hapo na sikuwahi kumwona kasa aliye hai. Bustani ya bahari imetengwa tangu 1968, ila mashua za kwenda huko zilikuwa za wageni, sisi tulizitazama kutoka pwani. Kasa niliyemjua ni yule wa kwenye chupa, mafuta yake ambayo bibi alikuwa akitupaka kifuani tukikohoa. Na nyama yake nilisikia watu wakiizungumzia kwa sauti ya chini, maana ni kosa la sheria. Basi. Ndiyo elimu yangu yote ya kasa hiyo. Kwa hiyo anayeniambia "wako hapo hapo", nakubali wako, lakini wewe mwenyewe umewaona lini?

Aliyeniingiza kwenye mambo haya ni mtoto wa dada yangu. Simtaji jina, ana miaka 16, na nyinyi nawajua, mkipewa jina leo kesho mko mlangoni kwake. Huyu mtoto anatengeneza vipuli vya vifuu. Vifuu anapewa bure na mama mmoja anayeuza tui sokoni. Anachagua vya nazi iliyokomaa, vile vyeusi, anachora kasa kwa penseli upande wa ndani, anakata kwa msumeno mwembamba kama uzi, halafu anakaa na msasa. Msasa wa kwanza mkwaruzo, wa pili laini, wa tatu laini zaidi. Mwisho anasugua kwa mafuta ya nazi na kitambaa cha fulana kuukuu mpaka kinang'aa na ile mistari ya hudhurungi inatokeza. Jozi moja inamla mchana mzima. Anauza shilingi 300. Kulabu za kutundikia sikioni ndizo zinazommaliza, maana zinatoka Mombasa, na za bei rahisi zinashika kutu mteja akioga baharini mara moja.

Alikuwa akichora kasa wa aina mbili tu, kasa wetu wa kawaida na ng'amba, yule anayewindwa kwa gamba lake. Siku moja akaniambia, "Mama mdogo, kuna wa tatu mwenye kichwa kikubwa, Ugiriki wanataga pwani. Ukienda nipigie picha kichwa, usinipigie ya gamba, gamba najua." Nikacheka. Halafu nikaanza kuhesabu likizo zangu.

Sasa tuje kwenye pesa, maana hapo ndipo mnapotaka. Nauli ya ndege haikuwa kitu. Wakati wa joto kuna ndege za bei nafuu kutoka Uingereza mpaka kisiwani moja kwa moja. Mwenzangu kazini, Mwingereza, alinunua tiketi akiwa amesimama kwenye foleni ya chai, akaweka simu mfukoni, safari imekwisha. Yeye anaingia Ulaya bila visa, siku 90 ndani ya kila siku 180. Mimi nakaa nchi ile ile, nalipa kodi ile ile, nainua wazee wale wale kitandani, lakini pasipoti yangu ni ya Kenya, kwa hiyo lazima niombe visa ya Schengen, ile moja ya kuingilia nchi nyingi za Ulaya.

Ada yake tangu Juni 2024 ni yuro 90, yaani shilingi 13,000 hivi, na ukinyimwa hairudi. Juu yake kuna ada ya ile kampuni inayopokea makaratasi, ambayo nayo siitaji. Miadi hakuna. Unafungua ukurasa saa sita usiku, hakuna. Unafungua alfajiri, hakuna. Halafu inatokea moja, ya mji ambao ni saa nne kwa basi, siku ambayo una zamu. Ukishaipata, wanataka taarifa za benki, hati za mshahara, barua ya mwajiri kwamba una likizo na utarudi, bima ya safari ya kuanzia yuro 30,000, chumba cha kulala kilichokwisha kuwekwa, na tiketi ya kurudi. Yaani uonyeshe kila kitu cha safari ambayo hujaambiwa kama unaruhusiwa kuifanya.

Mimi barua ya mwajiri ilinisumbua zaidi. Msimamizi wangu aliandika mistari miwili tu, "ni mfanyakazi wetu, ana likizo." Yule dada wa dirishani akaisoma, akaniuliza imeandikwa wapi kwamba nitarudi kazini. Nikampigia msimamizi hapo hapo, nimesimama, nyuma yangu foleni inaguna. Akaiandika upya akanitumia kwenye barua pepe, nikalipia kuchapishwa pale pale, ukurasa mmoja kwa bei ya chakula cha mchana. Visa ilipotoka, walinipa siku zile zile za tiketi, hakuna hata moja ya ziada.

Mtu atasema najisikitikia. Ndugu yangu, wewe ndiye uliyeuliza pesa.

Na hapa nimjibu mmoja aliyeniumiza, aliyesema kwa hiyo pesa ya Ugiriki ningemleta mwanangu huku. Sikiliza. Mhudumu wa wazee aliyeingia Uingereza kwa visa kama yangu kuanzia tarehe 11 Machi 2024 haruhusiwi kuleta mtoto wala mume. Mimi nimeingia baada ya tarehe hiyo. Ningekuwa na gunia la pauni hapa chini ya meza, mtoto asingekuja. Kwa hiyo hilo usilirudie tena kwenye ukurasa wangu. Tuendelee.

Kusafiri peke yangu. Kuna wanaoniuliza kuhusu mahramu, yaani ndugu wa kiume wa kunisindikiza, na nawaheshimu, wala sitafanya fatwa hapa jikoni. Nilimwomba mama radhi, akanipa, akaniambia nimpigie kila jioni, na nilimpigia. Hilo limekwisha, ni baina yangu na Mola wangu. Kwa upande wa dunia, hofu yangu haikuwa usiku wala barabara. Ilikuwa uwanja wa ndege wakati wa kurudi. Kadi za ukaaji za Uingereza zilikoma mwisho wa 2024, sasa hali yako iko kwenye mtandao tu. Yule kijana wa kaunta kule kisiwani anataka kadi. Namwambia hakuna kadi siku hizi. Anataka kadi. Nyuma watu wanapanda, jina langu halijapita, na simu yangu iko asilimia chache. Nilikuwa nimechapisha kila ukurasa, asante Mungu, akamwita mkubwa wake, mkubwa akasoma polepole kana kwamba ni barua ya mapenzi. Nikapanda. Ushauri wangu, kama ni ushauri, chapisha. Usitegemee simu.

Haya, kasa wenyewe. Kule kisiwani kuna ghuba inaitwa Laganas, na tangu 1999 ni hifadhi ya taifa ya bahari. Kasa wao ni huyo wa kichwa kikubwa, Caretta caretta. Pwani moja, Gerakas, ikifika magharibi inafungwa, hakuna mtu mpaka asubuhi. Mwavuli wako unaruhusiwa kwenye ule ukanda mwembamba karibu na maji tu, kwa sababu huko nyuma ndiko kulikozikwa mayai, na mti wa mwavuli ukichomeka unatoboa. Kuna pwani nyingine, Sekania, hiyo mtalii haingii kabisa. Nikawaza hoteli zetu nikanyamaza.

Asubuhi moja nikakuta vijana wa kujitolea wanafukua kiota kilichokwisha kuangua. Tulisimama pembeni, tumeambiwa tusisogee. Binti mmoja amelala kifudifudi, mkono umezama mchangani mpaka begani, anatoa maganda moja moja, anayapanga mafungu mafungu. Maganda matupu fungu lake, mayai yaliyoharibika fungu lake. Katika yale yaliyoharibika alipasua moja, ndani kuna kitoto kamili, mapezi yote manne, gamba lote, kimekufa. Akaandika kitu kwenye daftari, akachukua jingine. Mimi ndara zangu zilikuwa mkononi nikazivaa haraka maana mchanga ulikuwa unachoma, na ilikuwa haijafika hata saa nne asubuhi.

Nikamuuliza kama ni joto. Akasema hawezi kusema kwa yai moja. Nilimpenda kwa jibu hilo. Halafu akanieleza lile ambalo mpwa wangu alikuwa ameshanieleza kwenye simu nikadhani anatunga. Yai la kasa likitagwa bado halina jinsia, linaipata mchangani. Kwenye nyuzi 29 hivi wanatoka mchanganyiko. Mchanga ukizidi joto wanatoka majike, ukipoa wanatoka madume, na ukipita nyuzi 33 au 34 kwa muda mrefu vitoto vinafia ndani. Kule Australia, kaskazini mwa Great Barrier Reef, ile miamba mikubwa ya matumbawe, watafiti walitangaza mwaka 2018 kwamba kasa wachanga waliowapima walikuwa majike kwa zaidi ya asilimia 99.

Kuna mjomba atasema, "Majike wengi ndiyo vizuri, watazaa." Kwa muda, ndiyo mjomba. Dume mmoja anapanda majike wengi, hata wataalamu wanakubali. Lakini hawa wanachukua miaka 20, 30 kukomaa. Hao madume ambao hawazaliwi sasa, pengo lao utaliona wakati mimi na wewe hatupo.

Na kwetu je? Kaskazi ya Malindi mnaijua, sina haja ya kuwaeleza joto. Mivinje iliyokuwa ikitia kivuli pwani imekatwa ili chumba kione bahari. Ukuta wa hoteli umejengwa pale pale maji yanapofika, kasa akipanda anagonga jiwe anageuka. Na taa. Kitoto kikitoka usiku kinafuata mwanga, kinadhani ni bahari, kinaishia kwenye bwawa la kuogelea. Sisemi hakuna kinachofanyika. Watamu kuna shirika la Local Ocean Conservation, wanapiga doria za viota, na kiota kilichotagwa mahali ambapo maji yatakifikia wanakihamisha. Mvuvi akinasa kasa wavuni anawapigia, wanakuja, anapewa kitu kidogo cha kumfidia usumbufu, kasa anapimwa anaachiliwa. Nyumbani wavuvi wawili nawajua wanafanya hivyo. Mmoja ni shemeji, na zamani nyama ile alikuwa anaila.

Kwa hiyo Ugiriki nilifuata kichwa cha kasa, nikakipiga picha kwenye kituo cha kuwatibia majeruhi, nikakituma Malindi. Kesho yake nikaletewa picha ya kipuli, kichwa kikubwa, shingo nene. Akaongeza, "Hicho ni 350, kina kona nyingi."

Nikamwambia anitumie jozi kadhaa niwauzie wenzangu kazini. Jamani. Gharama ya kutuma ilizidi bei ya vipuli vyenyewe. Halafu kifurushi kikazuiliwa, naulizwa kwa maandishi: hili ni gamba la kasa? Kwa sababu kifuu kikisuguliwa vizuri kinafanana na ng'amba, na biashara ya kasa na chochote kitokacho kwake imepigwa marufuku kimataifa, mtu anafungwa. Nikajibu ni nazi. Wakataka uthibitisho kwamba ni nazi. Uthibitisho wa nazi unatolewa na ofisi gani? Mtoto akapiga video fupi, anavunja nazi, anakuna, anakata kifuu, mpaka kipuli kinatokea. Kikaachiliwa. Sasa kila jozi anaifunga na kikaratasi: "Ni kifuu cha nazi. Si kasa." Hata watalii pale pwani wanauliza, na wapo wanaonuna wakiambiwa si kasa.

Wanaotaka kununua, sikilizeni. Kitambulisho hana mpaka afike 18, kwa hiyo pesa inaingia kwa laini ya mama yake, na mama yake ndiye atakayewajibu. Msimwombe namba mtoto. Mnalipa kwanza. Shangazi, nawe unalipa, zile mbili ulizochukua "kuonja" tumezihesabu. Na msiniulize kama biashara hii itamlipia mtoto wenu karo, mimi sijui mtoto wenu ana mikono gani. Huyu wetu inamlipia msasa, kulabu na daftari, karo bado tunachanga.

La mwisho, bwana mwenye duka la zawadi aliyechukua vipuli kwa mali kauli tangu mwezi wa Ramadhani. Vimekwisha kuuzwa, kuna mgeni kapiga picha amevivaa, nimeiona. Mtoto akija unamwambia bosi hayupo, na bosi ni wewe. Leo nimekuficha jina. Video ijayo nataja mtaa.