Barakoa Inapotoka Uwanjani na Kwenda Ukutani

Waheshimiwa wasikilizaji, mgeni anayezuru Kerala, kusini mwa India, aghalabu hurudi kwao na sura ya kijani yenye midomo myekundu, iliyotengenezwa kwa karatasi na gundi, ambayo ameuziwa kwa jina la barakoa ya Kathakali, ngoma ya huko ya kuigiza visa. Ukweli ni kwamba wachezaji wakuu wa Kathakali hawavai barakoa. Hupakwa rangi usoni kwa saa kadhaa na kujengewa kando ya mashavu ukingo mweupe uitwao chutti, huku macho na nyusi zikiachwa huru, kwa kuwa hizo ndizo zinazosimulia kisa. Kwa hiyo pambo lile la dukani ni nakala ya uso uliopakwa rangi, tena uso ulionyang'anywa mwendo wake. Simlaumu mnunuzi, pambo lenyewe linapendeza.

Barakoa zinazovaliwa kweli tuzitafute mashariki, katika kijiji cha Charida, wilayani Purulia, Bengali Magharibi, ambako familia za mafundi wa jamii ya Sutradhar huwatengenezea wachezaji wa Chhau, ngoma ya barakoa ya huko, sura za mungu wa kike Durga, mungu Ganesha, mfalme wa mapepo Ravana na wengineo. Fundi hufinyanga kalibu ya udongo, akainyunyizia majivu ili karatasi isigande, kisha akabandika tabaka juu ya tabaka za karatasi laini zilizoloweshwa gundi, akaongeza udongo na kitambaa, akachonga pua na nyusi, akaanika juani. Ikikauka, kalibu hutolewa, matundu hutobolewa, na ndipo zinapokuja rangi, shanga na manyoya. Kwa kuwa uso umefunikwa, hisia za mchezaji huhamia shingoni, mabegani na katika miruko mikali, na barakoa nzito ingemshinda.

UNESCO iliitambua Chhau mwaka 2010, na mwaka 2018 barakoa ya Purulia ikapewa nchini India ulinzi wa kisheria wa jina la mahali inakotoka. Hata hivyo ngoma ina msimu wake, hasa mwezi wa Chaitra, kati ya Machi na Aprili, ilhali mtalii hununua wakati wowote; ndiyo maana mafundi hutengeneza pia barakoa ndogo za kutundikwa ukutani, na kwangu hiyo ni riziki halali. Anayetaka iliyokusudiwa kuchezewa na aigeuze nyuma, atazame matundu ya macho na ya pua, apime kama uso wa mtu mzima unaenea humo.