Kumi na Sita Mbele ya Saba

Asanteni kwa kunikaribisha. Tuingie mezani moja kwa moja. Tunacheza blekijeki, mchezo wa karata wa kasino: unashindana na mgawaji kukaribia 21, na anayepita 21 amefungwa. Umepewa 10 na 6, jumla 16. Karata ya wazi ya mgawaji ni 7. Unaongeza karata au unatulia na ulizonazo? Naomba mikono ya wanaotulia… Naam, karibu ukumbi mzima.

Hoja yenu naijua. Ukiongeza, aina 8 kati ya 13 za karata zitakupitisha 21. Ni kweli, lakini hiyo ni nusu ya hesabu. Mgawaji hulazimika kuongeza mpaka afike 17, kwa hiyo ukitulia na 16 humfungi mtu yeyote. Unasubiri tu mgawaji apite 21 mwenyewe, na anayeanza na 7 hupita takriban mara moja katika nne. Kwa kila 100 unazoweka katika hali hii, kutulia kunakula wastani wa kama 48, kuongeza kama 41. Njia zote mbili ni hasara, ila moja ni ndogo.

Na hapa ndipo wengi wanapouacha mkakati, yaani jedwali linalokuambia la kufanya kwa kila mkono. Kukariri si kazi, jedwali lote linaenea kwenye ukurasa mmoja. Linapokuambia uongeze dau mara mbili ukiwa na 11 mbele ya 6, nani atabisha? Linapokutuma uongeze karata kwenye 16, mkono unakuwa mzito. Ukipita 21 umejiua mwenyewe, watu wanaona. Ukitulia ukafungwa, lawama ni ya mgawaji. Tunalipia 7 katika kila 100 ili tusionekane tumejiponza.

Jedwali hilo halikutokana na uzoefu wa wacheza kamari. Mwaka 1956 askari wanne wa jeshi la Marekani waliokuwa kambini Aberdeen, Maryland, yaani Baldwin, Cantey, Maisel na McDermott, walichapisha hesabu zao katika jarida la takwimu. Walitumia mashine za mezani za kujumlisha, si kompyuta. Kompyuta zilipokuja, mwanahisabati Edward Thorp na wengine walirekebisha sehemu chache tu.

Kuna anayesema, "Mimi namwiga mgawaji: naongeza mpaka 17, natulia. Si ndivyo kasino inavyoshinda?" Sivyo. Kasino inashinda kwa sababu wewe unatangulia. Mgawaji hupita 21 katika takriban raundi 28 kati ya 100. Ukimwiga, nawe hivyo hivyo. Basi katika raundi kama 8 kati ya 100 mngepita wote wawili, na dau lako limekwishachukuliwa kabla yeye hajagusa karata. Malipo ya ziada ya blekijeki, yaani ukipewa A na karata ya thamani ya 10 tangu mwanzo, yanakurudishia kidogo, lakini bado unabaki nyuma kwa karibu asilimia 5.5. Anayefuata jedwali kwenye meza yenye kanuni nzuri yuko nyuma kwa karibu nusu asilimia.

Tuhesabu. Raundi 60 kwa saa, dau la 10, umeweka 600. Kwa wastani mfuata jedwali ameacha 3, mwigaji ameacha 33. Nasema wastani: usiku mmoja mwigaji anaweza kuondoka na mfuko umejaa na kuwacheka wote.

Bima, yaani dau la pembeni kwamba mgawaji aliyeonyesha A ana blekijeki? Achaneni nayo. Inalipa 2 kwa 1, kwa hiyo ingehitaji mgawaji awe na karata ya thamani ya 10 mara moja katika tatu. Aina zenye thamani hiyo ni 4 kati ya 13, hazifiki.

Kabla hata ya kukaa, someni kitambaa cha meza. Blekijeki ikilipwa 3 kwa 2, dau la 10 linakupa 15. Ikilipwa 6 kwa 5, linakupa 12, na hapo kasino imejiongezea kama asilimia 1.4. Hakuna ustadi wa kuifidia hiyo. Hamieni meza nyingine.

Kijana wa mbele ananiuliza kuhusu kuongeza dau maradufu kila unapofungwa. Ukianza na 10, ukafungwa mara saba mfululizo, umeshatoa 1,270, na sasa unatakiwa kuweka 1,280 ili upate faida ya 10. Meza nyingi zina kikomo cha dau, kitakukamata kabla hujafika huko. Kumbuka pia kwamba karata haijui kama umefungwa raundi iliyopita.

La mwisho nililoulizwa: je, mchezaji anayekaa mwisho akichukua karata kijinga, anawaharibia wenzake? Hapana. Karata inayofuata hakuna anayeijua. Aliyoichukua ingeweza kumwokoa mgawaji, ingeweza pia kumpitisha 21. Tunaikumbuka iliyotuumiza, ile iliyotuokoa tunaiita bahati yetu. Muache acheze, pesa ni zake.