Miaka Sita Kabla ya Pensheni

Hamjambo wanachama wa sacco yetu ya akiba na mikopo. Wazee wangu, akina mama, na nyinyi vijana mliokaa karibu na mlango ili mtoroke mapema, karibuni. Mwenyekiti ameniomba nizungumze juu ya kustaafu. Nitashika kipande kimoja tu: ile miaka iliyo kati ya mshahara wa mwisho na siku pensheni inapoanza.

Mimi niliacha kazi mwaka 2016, nikiwa na miaka 54. Kampuni ilikuwa inapunguza watu. Nilikuwa karani wa hesabu huko Industrial Area, na mtu angedhani zangu nilishazipiga. Wapi! Kichwani nilikuwa na namba moja, 60, umri wa pensheni yangu kuanza.

Usiku ule mke wangu alitoa daftari la shule la mtoto, lile lenye jedwali la kuzidisha nyuma, akaniambia, "Andika." Tukaandika stima, maji, gesi, unga, nauli, dawa zangu za presha, sadaka. Ikatoka 38,000 kwa mwezi. Mara miezi 72 ni 2,736,000. Kiinua mgongo changu kilikuwa milioni 1.9. Na hapo tumeiacha bei ya unga ikae pale pale miaka sita, jambo ambalo hapa Nairobi hakuna aliyewahi kuliona.

Mtasema, si kuna NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii? Ni kweli, ukifikisha 50 na umeacha kazi unaweza kuomba mafao yako. Lakini kwa sisi wa zamani mchango ulikuwa shilingi 200 zako na 200 za mwajiri kwa mwezi. Miaka 20 ya namna hiyo ni 96,000 kabla ya riba. Nyinyi vijana, tangu Februari 2023 ni asilimia 6 ya mshahara kutoka kwako na 6 kutoka kwa mwajiri, yenu itakuwa hadithi nyingine. Nami nilipochapisha taarifa yangu nilikuta miezi 14 mitupu. Pesa zilikatwa kwenye mshahara, hazikupelekwa. Siwataji. Aibu ni yangu pia, karani mzima ambaye hakuwahi kuangalia jina lake. Kaangalie ungali na meza pale ofisini. Ukishatoka geti, askari atakuuliza unamtaka nani.

Inua Jamii nayo, ile pesa ya serikali kwa wazee, ni shilingi 2,000 kwa mwezi, na ni ukifika miaka 70. Tusonge.

Tulichofanya ni hiki. Pesa ya mwaka wa kwanza, 456,000, tuliiweka kwenye mfuko wa soko la fedha (money market fund), mahali pa kupata riba na kutoa bila kumbembeleza mtu. Nyingi ya iliyobaki tukanunua bondi za serikali, yaani unaikopesha serikali nayo inakulipa riba, ambazo kiwango cha kuanzia ni 50,000. Sasa sikilizeni hapa, maana ndipo wengi huteleza. Riba ya bondi hulipwa kila baada ya miezi sita. Ukitia zote kwenye bondi moja, unakula Januari, unakula Julai, katikati unatazama ukuta. Sisi tulitafuta moja ya Januari na Julai, nyingine ya Machi na Septemba, nyingine ya Mei na Novemba. Kila baada ya miezi miwili kitu kikaingia. Laki tatu kwa riba ya asilimia 12 ni 36,000 kwa mwaka, yaani 18,000 mara mbili, kabla ya kodi. Kodi ni asilimia 15 kwa bondi ya chini ya miaka 10, na 10 kwa ya miaka 10 na kuendelea.

Riba peke yake haikutosha, na haikukusudiwa itoshe. Bondi ya miaka miwili ilipoiva, yaani muda wake ulipoisha na pesa zikarudi, tulikula mtaji wake. Hapo ndugu zangu walinijia juu: unakula mbegu! Nikawaambia hii si mbegu, hii ni pesa ya daraja la kutuvusha hadi pensheni, imetengwa iliwe. Nimemwona mwenzangu akilinda milioni yake kama yai, huku akikopa kwenye simu kila tarehe 20.

Pengo lilikuwa 836,000. Ukiitazama hivyo inatisha. Igawe kwa miezi 72, ni kama 11,600 kwa mwezi. Hiyo kwangu ilikuwa kuwafungia vitabu wenye maduka watatu kule Kariobangi.

Neno la sacco, kwa kuwa tuko sacco. Akiba yako huipati ukiwa umemdhamini mtu ambaye hajamaliza mkopo. Mimi nilikuwa nimewadhamini wanne! Anza kujiondoa mapema, wadaiwa watafute wadhamini wengine.

Na afya. Mshahara ukikoma, ile asilimia 2.75 ya mshahara ya SHA, bima ya afya ya serikali, hakuna wa kukukatia tena. Asiye na mshahara hulipa ya mwaka mzima, na chini kabisa ni 300 kwa mwezi, yaani 3,600. Iandikeni kwenye bajeti.

Karatasi zinapita, chukueni kalamu. Juu andika umri utakaoacha kazi, si ule unaoutamani. Chini yake, matumizi ya mwezi mmoja. Mama pale anauliza kama michango ya matanga nayo iandikwe. Iandikwe, mama. Kwetu ilikuwa ya tatu kwa ukubwa, baada ya chakula na dawa, na usiku ule wa daftari tuliisahau kabisa.