Mhusika Mpya Aingie Akikosea

Walionisikia mwaka jana wanajua naanzia wapi, wanivumilie. Mhusika mpya akiingizwa kwa sifa, mmeshamzika kabla hajafungua kinywa. Nimelisema, nitalisema tena, na leo nimekuja na ushahidi wa runinga ya Uingereza.

Doctor Who, kile kipindi cha Daktari anayesafiri katika wakati, siwaelezi, nusu ya ukumbi huu mnaijua kuliko mimi. Hadithi yetu ni The Time Warrior, sehemu nne, BBC, kuanzia Desemba 15, 1973 hadi Januari 5, 1974. Mwandishi ni Robert Holmes. Jo Grant, msaidizi wa Daktari na kipenzi cha watazamaji, ameshaaga, na pengo lake liko wazi. Hapo ndipo waandishi huingiwa na hofu. Wanaleta binti mpya, halafu kila aliyemo anapewa kazi ya kutuambia jinsi alivyo jasiri na mwerevu. Kama mshenga anayenadi bibi harusi! (Kicheko) Mnacheka, lakini wiki iliyopita nimesoma miswada yenu.

Sasa mtazameni mrithi wake, Sarah Jane Smith, anayeigizwa na Elisabeth Sladen. Anaingia na uongo mdomoni. Wanasayansi wanatoweka, waliobaki wamefungiwa kituoni chini ya ulinzi wa askari, naye ni mwandishi wa habari anayeinusa habari. Kajipenyeza kwa jina la shangazi yake, Lavinia Smith, bingwa wa virusi. Daktari, ambaye wakati huo anaigizwa na Jon Pertwee, anamnasa palepale. Anaisifia makala ya shangazi, kisha anaongeza kwa upole kwamba inashangaza zaidi kwa kuwa aliyeiandika lazima alikuwa na miaka mitano. Hamfichui lakini. Anamwambia abaki tu, pana haja ya mtu wa kutengeneza kahawa. Sladen anavyowaka hapo! Dakika chache tu, na tayari tunajua binti huyu anadanganya, anathubutu, na hatumwi kahawa na mtu.

Lakini hayo ni utangulizi. Kosa lenyewe linakuja. Sarah anajificha ndani ya TARDIS, kibanda ambacho Daktari husafiria katika wakati, anatokea Uingereza ya zama za kati, na mwanzoni anadhani yale mangome na mapanga ni maonyesho. Baadaye anamkuta Daktari ndani ya ngome ya Irongron, jambazi anayepewa silaha zisizo za zama zile. Pigeni hesabu kwa akili yake yeye. Wanasayansi wamepotea. Mtu huyu alikuwepo. Kibanda chake ndicho kilichomleta huku. Na sasa yuko kwa jambazi. Nani mwizi wa wanasayansi? Basi anakwenda kwa Edward wa Wessex, adui wa Irongron, anamshawishi Edward amteke Daktari, na yeye mwenyewe anafuatana na Hal, mpiga mishale, kwenda kumteka. Shujaa mpya wa kike, katika hadithi yake ya kwanza, anamwinda shujaa mkuu!

Naona mkono umeinuka kule nyuma, na swali nalijua: "Mwalimu, mtazamaji si atamwona mjinga?" Hapana, ndugu yangu. Mjinga ni anayekosea bila sababu. Sarah ana sababu tatu, zote nzuri. Sisi tuna miaka kumi ya kumjua Daktari, yeye ana saa chache. Kukosea kwake ndiko kunakotuonyesha akili yake inavyofanya kazi, tena bila mtu kusimama na kutuhubiria kwamba ana akili. Na mwingine atasema hayo ni mambo ya zamani, majoho na vinyago vya mpira. Sawa, lile roboti la kivita ni aibu, na mapigano ya katikati yamerefushwa ili dakika zijae. Kwani nilisema mwige roboti?

Kuna pia jikoni. Sarah anawakuta wanawake wakipika, anawachochea wasikubali kuburuzwa na wanaume, halafu kwa hasira anawaambia wanaishi kama watu wa zama za kati. (Kicheko) Ndiyo! Wanaishi! Hotuba ile ingekuwa mzigo, Holmes akaigeuza mzaha unaomrudia msemaji. Kisha dawa ya usingizi inaingia kwenye mchuzi wa majambazi, na kazi inaendelea.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nilitaka kumzungumzia Linx, mgeni kutoka anga za mbali na mwizi halisi wa wanasayansi, wa kwanza wa kabila la Wasontara kuonekana, anavyovua kofia ya chuma mwishoni mwa sehemu ya kwanza na kichwa chake kikawa na umbo lilelile la kofia. Kevin Lindsay ndiye aliye ndani, mwangalieni. Profesa Rubeish asiyeona vizuri, nimemruka. Humu ndimo jina la Gallifrey, sayari ya Daktari, linatajwa mara ya kwanza, nalo nimeliruka. Sladen alirudishwa mwaka 2006, miaka thelathini baada ya kuondoka, kisha akapewa kipindi chake mwenyewe. Hilo lina mhadhara wake.

Maswali. Wewe mwenye shati la kijani, kabla hujauliza: ndiyo, yule Hal mpiga mishale ni Jeremy Bulloch, ndiye huyohuyo Boba Fett wa Star Wars. Mwingine?